Moyo Usiotulia Uwanjani: Mchezo wa Ng'ombe na Matembezi ya Familia Zetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa viumbe, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwaka huu nimeulizwa suali moja mara mbili na watu wasiojuana. Wa kwanza ni baba wa familia hapa Mji Mkongwe. Katika likizo ya skuli alipanda boti na wanawe bandarini Malindi, wakateremka Mkoani, Pemba, na mwenyeji wao akawapeleka kutazama mchezo wa ng'ombe. Wa pili ni mama wa Kizanzibari anayeishi Uingereza. Yeye na mumewe waliwachukua watoto kwenda Hispania kuona athari za Waislamu wa Andalusia, na walipofika mji wa Ronda wakakuta katika ratiba yao wamepangiwa kuzuru uwanja mkongwe wa kupigana na mafahali. Hakuna kati ya wawili hawa aliyeanza kwa kuuliza kama jambo hilo ni haramu au halali. Kila mmoja, kwa maneno yake, alisema kuwa moyo wake haukutulia. Baba akaongeza kwamba walipokuwa wanarudi, mwanawe mdogo alimuuliza, "Baba, kwani yule ng'ombe kafanya nini?" naye akakosa jawabu.

Ndugu Waislamu, moyo usiotulia si jambo la kupuuzwa. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Nawwas bin Samaan (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliieleza dhambi kuwa ni lile linalosumbua kifuani, na ambalo mtu hapendi watu wengine walione kwake. Kwa hiyo muumini anapokaa uwanjani, ngoma zinalia, watu wanashangilia, na yeye peke yake anahisi kitu kinamkwaruza ndani, asifikiri kuwa ni ushamba wa mjini au udhaifu wa roho. Huenda imani yake imeona kitu kabla ya macho yake. Lakini moyo pekee hautoi fatwa. Unamsukuma mwenye nao aende akatafute elimu. Basi tuitafute.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, kwani wengi wetu wa Unguja tunausikia kwa sifa tu. Mchezo wa ng'ombe unachezwa Pemba, na majina ya vijiji kama Pujini na Wingwi hutajwa sana unapozungumzwa. Msimu wake ni wa jua kali, baina ya Disemba na Februari. Inaelezwa kuwa asili yake ni Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na ambao utawala wao kwetu ulivunjika pale Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Athari za watu hao hatuna haja ya kuzifuata mbali. Hapa Forodhani, Ngome Kongwe imejengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na neno letu gereza limetokana na neno lao la kanisa. Meza tunayolia, bendera tunayoipandisha, karata wanazocheza vijana barazani, na hata leso wanayojifunga mama zetu, yote hayo ni maneno ya Kireno. Na leso hiyo hiyo, huko Pemba, ndiyo anayopepewa fahali ili akasirike.

Haifai, hata hivyo, kuuhukumu mchezo kwa asili yake peke yake. Meza haikuharamika kwa kuwa jina lake limetoka Lisbon. Jambo hupimwa kwa linalotendeka ndani yake.

Niliwahi kuuona mchezo huo nikiwa kijana, nilipokwenda Pemba kumzuru mwalimu wangu. Fahali alikuwa amefungwa kamba ndefu. Zumari lilikuwa linalia, wanawake wamevaa sare za kanga wanaimba, na vijana wakipokezana kumkaribia, kumpepea nguo, kisha kukimbia. Mmoja alipofukuzwa alipanda juu ya mwembe kwa wepesi wa ajabu, na watu wakacheka mpaka machozi. Sikuona upanga wala mkuki, na mwisho wa mchezo fahali harudi akiwa mzoga. Hurudi kwa mwenyewe. Kwa yote hayo nilifahamu kwa nini watu wanaupenda. Ni siku ya kijiji kizima kukutana, na vijana kuonyesha ushujaa.

Ila pana wakati yule fahali alisimama. Alichoka, au alikata tamaa, sijui. Mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka kwa pumzi, ulimi nje, na hakutaka tena kukimbia. Watu wakaanza kuguna kama waliodhulumiwa haki yao. Mtu mmoja akamrushia donge la udongo, mwingine akamvuta mkia. Hapo akajitokeza mzee, bila shaka ndiye mwenye ng'ombe, akamwendea bila leso wala fimbo, akamshika paji la uso na kumwambia neno tusilolisikia. Fahali yule aliyekuwa akitoa moto puani akainamisha kichwa. Kumbe alikuwa anajua kupendwa. Ghadhabu ile haikuwa tabia yake. Tulikuwa tumemtilia sisi, ili tupate cha kutazama.

Tangu siku ile, kila ninaposomesha hadithi ya ngamia wa Madina namkumbuka yule mzee. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari. Mlikuwa na ngamia, na alipomwona Mtume alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakachuruzika machozi. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio, ngamia akatulia. Kisha akauliza ni wa nani, na alipojitokeza kijana mwenye ngamia, akamkumbusha amche Mwenyezi Mungu katika mnyama huyo aliyemmilikisha, kwani alikuwa amemshitakia kuwa anamwacha na njaa na anamchosha kwa kazi. Tazama, ndugu msomaji: mshitaki ni mnyama, mshitakiwa ni Sahaba, na kesi imesikilizwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Na ipo hadithi nyingine, inayomhusu ng'ombe mwenyewe, waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alisimulia habari ya mtu aliyekuwa akimwendesha ng'ombe, akampanda na kumpiga. Ng'ombe akageuka na kusema kuwa hawakuumbwa kwa kazi hiyo. Wameumbwa kwa ajili ya kulima. Watu wakastaajabu kuwa ng'ombe anasema. Mtume akajibu kuwa yeye anaamini habari hiyo, yeye pamoja na Abubakar na Umar, nao wawili hao hawakuwepo pale. Wanazuoni wameitaja hadithi hii zaidi kwa kuonyesha daraja ya Masahaba hao wawili. Nami naona ndani yake pia jawabu la yule mtoto. Ng'ombe hakufanya kitu. Anatumiwa kwa jambo asiloumbiwa, basi. Ikiwa kumpanda tu ng'ombe kulileta lalamiko hilo, itakuwaje kumkasirisha kwa makusudi ili watu wacheke?

Ama hukumu, lazima tutenganishe, kwa sababu watu huyachanganya mambo matatu yasiyolingana.

La kwanza ni lile la Hispania. Huko fahali huingizwa katika kiwanja cha duara. Mpanda farasi humchoma mkuki shingoni. Kisha wanakuja watu wa kumpachika vijiti vyenye ncha za kulabu mgongoni, na mwisho mpiganaji humwua kwa upanga. Alasiri moja huuawa mafahali sita. Katika hili hapana mjadala. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1408 Hijria (1987), lilitoa uamuzi kuwa mapigano hayo ya mafahali ni haramu, na likayataja pamoja na ndondi na mieleka isiyo na mipaka. Wala si Waislamu pekee wanaoyakataa. Bunge la Catalonia, katika Hispania hiyo hiyo, liliyapiga marufuku mwaka 2010, ingawa mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliitengua sheria hiyo. Colombia nayo ilipitisha sheria ya kuyakomesha mwaka 2024, na ikatoa muhula wa miaka mitatu. Nawaambia pia ndugu zetu wanaotembea Andalusia: nyama ya fahali aliyeuawa kwa kuchomwa upanga haikuchinjwa kisharia, na mkia wa ng'ombe ni chakula mashuhuri cha mikahawa ya huko. Ulizeni kabla ya kula.

La pili ni kupambanisha fahali kwa fahali. Hili lipo Kakamega, nchini Kenya, kwa Waisukha na Waidakho, na lipo Barka nchini Oman na Fujairah katika Falme za Kiarabu, ambako kwa desturi watu hukusanyika alasiri ya Ijumaa. Wazanzibari wengi wana jamaa Maskati, na wageni wao hupelekwa Barka kama sisi tunavyowapeleka wageni Forodhani. Mafahali husukumana vichwa, na anayerudi nyuma ndiye aliyeshindwa. Watu huwa tayari na kamba za kuwatenganisha. Wahenga wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwa hekima hiyo wakawatenga. Hawakuwatafutia uwanja. Katika hili ipo hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ya kukataza kuwachochea wanyama wapigane. Baadhi ya wahakiki wameuzungumza udhaifu wa isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na misingi mingine sahihi ya kukataza kumwadhibu mnyama bila haki. Na kwa kuwa yanafanyika katika ardhi ya Waarabu, mtu asije akadhani kuwa ni Sunna. Desturi ya Waarabu ni desturi, na Sunna ni Sunna.

La tatu ni letu la Pemba, na hapa nazungumza kwa heshima, maana Wapemba ni ndugu zetu, ni wakwe zetu, na katika visiwa hivi wengi wa walimu walionisomesha Qur'ani walitoka huko. Hapana kuua. Fahali hapambanishwi na mwenzake. Mtu mwadilifu hawezi kuuweka mchezo huu kapu moja na upanga wa Ronda. Lakini maswali matatu hayana budi kuulizwa. Je, mnyama anapigwa, anachomwa, au anachoshwa kupita uwezo wake? Je, mchezaji anaitia nafsi yake katika hatari ya pembe, hali Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo? Na je, yupo anayeamini kuwa mchezo ndio unaoleta mvua au kuondoa balaa? Likipatikana la kwanza au la pili, ni haramu. Likipatikana la tatu, basi tumetoka kwenye fiqhi na kuingia katika itikadi, na hilo ni zito zaidi.

Atasema msemaji: na usipopatikana hata mmoja wa mambo hayo? Nitasema ukweli nionavyo. Katika karatasi yawezekana; uwanjani ni vigumu. Msingi wa mchezo wenyewe ni ghadhabu na khofu ya mnyama. Akitulia, mchezo umekufa, na watu watatafuta namna ya kumwamsha. Donge lile la udongo halikutoka kwa mtu katili. Lilitoka kwa mtu aliyekuja kutazama na akaona hakuna cha kutazama.

Na hapo ndipo penye suala la mtalii, ambalo masheikh tumelisahau kwa kushughulika na mchezaji. Mtazamaji hudhani hana mkono katika jambo. Amekaa kivulini, hakurusha kitu, alikuja na kamera tu. Lakini uwanja usio na watazamaji ni konde la malisho. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Abdullah bin Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakawa wanamlenga mishale. Walipomwona walitawanyika, naye akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ibn Umar alipita njiani tu, na kupita kwake kukauvunja mchezo. Mtalii wetu wa leo akipita, mchezo hupata nguvu, kwa sababu amelipa. Kadiri wageni wanavyoongezeka visiwani, jambo lililokuwa la siku chache za kijiji linaweza kugeuka bidhaa ya kila wiki, na ng'ombe akawa hana msimu wa kupumzika.

Mama wa Ronda aliniuliza kama ni dhambi kuingia katika jengo lenyewe siku isiyo na mchezo. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1785, na siku nyingi za mwaka wageni huingia kutazama nguzo zake za mawe na makumbusho yake, japo kwa desturi mafahali huuawa humo mwezi wa Septemba. Kutazama mawe si dhambi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya nyingi tutembee katika ardhi tuone mwisho wa waliotangulia. Sisi wa Mji Mkongwe tunawapeleka wageni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na hakuna anayesema tunausifu utumwa. Tofauti ni kuwa soko lile limekwisha, na senti ya mgeni hairudishi mnyororo hata mmoja shingoni mwa mtu. Ronda haijakwisha. Kwa hivyo simwambii mama huyu kuwa amepata dhambi; namwambia kuwa uchamungu ni kuiacha tiketi ile, na mji ule una mengi ya kuwaonyesha watoto. Yapo mahamamu ya Waislamu, yaliyosalia vizuri kuliko mengi ya Hispania. Na ni mji unaonasibishwa na Abbas bin Firnas, mwanachuoni wa karne ya tisa anayesimuliwa kuwa alijaribu kuruka angani kwa mbawa.

Sasa, kabla hatujawanyooshea kidole Wapemba na Waspania, turudi Darajani. Angalia kuku wanavyobebwa sokoni, wamefungwa miguu, vichwa chini, kumi kwa mkono mmoja, na mwenye kuwabeba amesimama anapiga soga nusu saa. Angalia gari za ng'ombe zinazoteremka kutoka mashamba na shehena ya mawe na kuni, na fimbo inayotua palepale penye kidonda cha jana. Angalia watoto wetu siku ya Idi Kubwa: ng'ombe wa kuchinjwa amefungwa uani, nao wanamzunguka, wanamvuta mkia, wanamrushia maganda, na wazee tumekaa tunatabasamu. Huo nao ni mchezo wa ng'ombe, umekosa zumari tu. Na Imam Muslim amepokea kutoka kwa Shaddad bin Aws (R.A.) kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Aliyeumia moyo Pemba kisha akarudi na kuku wake vichwa chini, moyo wake umesafiri bila yeye.

Baba yule aliniuliza mwisho: akienda tena Pemba, awapeleke wapi watoto? Nilimtajia Kidike. Hapo wanaishi popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Walikuwa wamewindwa hadi wakakaribia kwisha, kisha kuanzia miaka ya 1990 wanakijiji wakajipanga kuwalinda, na idadi yao ikapanda tena kwa maelfu. Leo mgeni hulipa kuwatazama wakiwa wamening'inia mitini, hawakuguswa wala kutishwa. Ni Wapemba hao hao, na ni fedha hiyo hiyo ya utalii. Suratul An'am, aya ya 38, inatufahamisha kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu, na pale chini ya miti mtoto anaifahamu aya hiyo bila tafsiri ndefu.

Na mwenyeji akimwalika tena uwanjani? Asimkemee mwenyeji wake mbele ya watu wake. Amshukuru, amwambie kwa upole kuwa watoto wanapenda zaidi kuona ng'ombe wanaporudi kutoka malishoni. Udhuru huo si wa kubuni. Katika Suratun Nahl, baada ya kutaja faida za wanyama wa kufuga, Mwenyezi Mungu amesema kuwa tunao uzuri kwao, tunapowarudisha jioni na tunapowatoa asubuhi. Basi wakae ukutani saa ya magharibi inapokaribia, waone ndama anavyomtambua mama yake katika kundi zima, na wamwombe mwenye zizi awaruhusu watoto wamguse fahali paji la uso.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.